Diski za breki zilizopakwa dawa ya kutu: tazama haya matundu mawili

Assalaam alaykum jamaa zangu, karibuni. Mezani leo kuna diski za breki za mbele, jozi, zile za kijivu zilizopakwa dawa ya kutu, za hizi Toyota ndogo zetu, IST na Vitz. Kipenyo na unene sivisomi. Nenda dukani na namba ya chesisi, muuza spea atakutolea zako.

Mimi nataka tuzungumze juu ya haya matundu mawili ya kusukumia diski kuukuu itoke. Kamera sogea. Umeyaona? Madogo, yana thredi ndani, yamekaa baina ya matundu ya stadi za tairi, zile zinazofungwa nati. Wengi wanayapita kama hayapo, wanachukua nyundo. Nyundo ile pigo lake linaingia kwenye beringi ya habu, kile kitovu kinachobeba diski na tairi, kisha baada ya siku chache gari inavuma na mtu anatafuta mchawi.

Haya tufanye. Gari iko juu ya stendi, si juu ya jeki peke yake, na matairi ya nyuma yametiwa vigogo. Nati za tairi za 21 zimeshatoka. Nyuma ya kalipa, ile inayobana pedi, kuna bolti mbili, kwa Toyota ndogo nyingi spana 14. Itoe kalipa, itundike kwa waya kwenye springi. Usiiache ikaning'inia kwa hozi yake, hozi inaumia kwa ndani na wewe huoni kitu. Halafu breketi inayoshika kalipa, bolti mbili za 17, hizi zinakuwa ngumu, spana fupi itakutesa.

Sasa diski imeshikwa na kutu tu. Chukua bolti mbili za M8, yaani unene milimita 8, thredi ya milimita 1.25, urefu sentimita tatu au nne, zenye thredi mwili mzima. Tia grisi kidogo, zizungushe kwa mkono mpaka ziguse habu. Sasa spana: nusu raundi huku, nusu raundi kule. Huku. Kule. Usikaze moja ukaiacha nyengine, diski itakaa mshazari na bolti itakukatikia ndani, hapo ndipo utakapojua kulia. Huku tena. Kule... Mmesikia? Tak! Imeachia. Hakuna kelele, na majirani wamelala.

Ikigoma usiilazimishe. Pulizia mafuta ya kulegezea kutu pale katikati kwenye habu, acha robo saa, bolti zikiwa zimekaza gonga kidogo usoni baina ya stadi, kisha nusu raundi tena. Na ukikuta matundu ya diski kuukuu yamejaa kutu, chukua bolti ya M8, ichane mfereji ubavuni kwa msumeno wa chuma, iingize na kuitoa taratibu. Kutu inakaa kwenye mfereji na thredi zinasafika.

Wenye Honda Fit, nyinyi mna balaa la ziada: skrubu mbili zinazoshika diski. Bisibisi ya mkono itazila vichwa. Tumia bisibisi ya kugonga, zikitoka ndipo urudi kwenye bolti za M8.

Tazama hii ya upande wa pili, ya bei rahisi. Matundu iko wapi? Hakuna! Mtu ametengeneza diski nzima akaona uvivu kutoboa vijitundu viwili. Kwa huku kwetu Zanzibar, upepo wa bahari usiku kucha, hiyo ukija kuibadilisha utaijua. Hii ya kijivu dawa imeingia mpaka ndani ya thredi. Hapo wamenipata.

Dawa yenyewe sasa. Usiniulize mbona usoni imetoka, pedi zinaifuta breki za mwanzo tu, na ndivyo inavyotakiwa. Inayobaki ni ya kofia, ile sehemu ya katikati iliyoinuka, ya ukingoni na ya ndani kwenye njia za upepo, na huko ndiko chumvi inakokula. Gari ya Nungwi au Jambiani inayolala mita chache na maji, diski isiyopakwa inaota magamba ukingoni, gamba linaingia kwenye pedi, unasikia inakwaruza. Kwa wa Mjini nilitaka kusema chukueni za kawaida. Lakini Mjini nako bahari iko pale pale, Forodhani pale. Basi, chukueni hizi. Ile kutu nyekundu ya asubuhi baada ya mvua ya masika si ugonjwa, breki mbili tatu imeondoka.

Kuna mtu ataniuliza zile zenye matundu matundu usoni za kimichezo. Nzuri kwa picha. Matundu yale ndiko nyufa zinakoanzia, na mchanga wa shamba unaingia. Kuchonga lezi, ile mashine ya kusawazisha uso wa diski? Kila ukichonga diski inakuwa nyembamba, na ukomo umeandikwa kwenye diski yenyewe, MIN TH, yaani unene wa mwisho. Ikishuka hapo ni chuma chakavu. Diski za mtumba nazo pima hapo hapo dukani, muuzaji akikasirika mwache na hasira zake.

Lakini hata ununue ghali vipi, usiposafisha habu umetupa pesa. Hapa pananiudhi kuliko tundu. Kutu ikibaki kwenye uso wa habu, hata gamba jembamba, diski inazunguka inayumba. Ukomo wa kawaida wa kuyumba ni milimita 0.05 hivi, jicho halioni. Inayumba, inagusa pedi mahali pale pale kila mzunguko hata hujakanyaga breki, pale panalika, na baada ya miezi usukani unatetemeka ukishika breki. Mtu anarudi dukani, "mmeniuzia diski iliyopinda." Haijapinda! Brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, hasa kuzunguka mizizi ya stadi. Na diski za kuigiza zenye rangi nzito, ikwangue pale inapokaa habu.

Pedi tia mpya. Diski za kawaida zisizopakwa huja na mafuta, zioshe kwa sabuni na ukaushe. Pini za kalipa zipake grisi ya silikoni, grisi ya beringi inavimbisha mipira. Ukirudisha pistoni ya kalipa kwa klampu fungua kifuniko cha mafuta ya breki na uangalie yasimwagike, yanakula rangi ya gari. Nati za tairi kaza msalaba, Nm 103 kwa spana ya torki. Na kabla gari haijasogea hata hatua, pampu pedali mpaka iwe ngumu! Usipopampu, breki ya kwanza pedali inazama chini na ukuta uko mbele yako.

Kisha, ili pedi na diski zizoeane, tafuta barabara tupu alfajiri, toka kilomita 60 kwa saa shuka mpaka 10, mara nane hivi, ukiachia ipoe kidogo baina yake, bila kusimama kabisa na mguu kwenye pedali.

Bei: uliza bei ya jozi. Wengi wanakutajia ya moja, unafurahi, kumbe. Na mkiagiza Dar, chuma ni kizito, ulizeni nauli ya boti kabla hamjasifu urahisi. Video zetu sasa zinatoka Ijumaa usiku, inayokuja ni dramu za nyuma za Suzuki Carry. Wa Pemba mlioomba, ndiyo hiyo. Andikeni chini gari zenu za mwaka gani.