Uzoefu Wangu: Kurekebisha Breki za Nyuma za Hilux ya Zamani Mjini Masasi

Pikapu yangu ni Toyota Hilux ya dizeli ya mwaka 1996, ambayo msimu wa korosho hushusha magunia kutoka Newala hadi Masasi, na kwenye mteremko ule wa kutoka uwanda wa Makonde breki za nyuma si jambo la kuahirisha. Pedali ilikuwa ikizama sana kabla ya breki kushika, na hendibreki ilipanda hadi mwisho bila kulizuia gari lenye mzigo. Gereji ya kwanza niliyokwenda ilikaza waya wa hendibreki, ikanidai fedha, na pedali ikabaki vilevile.

Fundi wa Masasi ninayemsifu hapa alianza kwa kuulegeza waya huohuo. "Kaka, waya unakazwa mwisho," aliniambia. "Ukiutangulia, ajasta haipati nafasi ya kufanya kazi." Katika Hilux za aina hii, ajasta, yaani kifaa kinachozisogeza breki shuu (vipande vya breki vinavyosugua kwa ndani) kadiri zinavyolika, husogea hendibreki inapovutwa, kwa hiyo mkono mdogo ulio nyuma ya gurudumu ukigoma kwa kutu na vumbi, breki shuu huisha taratibu na hakuna kinachoziba pengo kati yake na dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Mkono wa upande wa kushoto ulikuwa umeganda kabisa.

Aliweka vigingi kwenye magurudumu ya mbele, akainua nyuma na kuliegemeza gari juu ya stendi, wala hakuiamini jeki peke yake. Dramu iliyokuwa imeng'ang'ania hakuigonga kwa nyundo, bali alikaza boliti mbili kwenye matundu yake maalumu hadi ikajisukuma yenyewe nje. Vumbi alilifuta kwa kitambaa kibichi badala ya kulipuliza, jambo ninalolithamini sana, kwa kuwa breki shuu za zamani huweza kuwa na asbesto, madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu. Alikagua silinda zinazosukuma breki shuu kama zinavuja, akalinganisha kipenyo cha ndani cha dramu na kikomo kilichoandikwa kwenye dramu yenyewe, akausafisha na kuupaka grisi ule mkono ulioganda.

Baada ya kurudisha dramu, aliingiza bisibisi kwenye tundu lenye kiziba cha mpira na kuzungusha kigurudumu chenye meno cha ajasta hadi gurudumu likagoma, kisha akakirudisha nyuma kidogo kidogo mpaka likazunguka huru, likisikika kukwaruza kwa mbali tu. Alikanyaga pedali mara kadhaa ili breki shuu zikae katikati, akapima tena pande zote mbili, kwani tofauti baina yake hulivuta gari upande mmoja. Hapo ndipo alipokaza waya.

Sasa pedali inashika juu, na hendibreki inalizuia gari likiwa na mzigo kamili. Upungufu nilioukuta ni kwamba fundi hana akiba ya breki shuu, hivyo ambaye zake zimeisha anunue seti ya magurudumu yote mawili kabla ya kwenda, na ajiandae kuliacha gari nusu siku.