Raba za 95,000 zilizonifia Mazizini

Nianze na hukumu kabisa, maana wengine hamna muda wa kusoma mpaka chini: ukitaka raba za kukimbilia, duka hili lipite. Jina silitaji. Lipo mjini Unguja, lina kioo kikubwa mbele na feni inayopuliza vizuri, na mwenyewe anajijua. Kama anasoma hapa, asalaam alaykum, mimi ndiye yule "bibi".

Kikundi chetu cha mazoezi hukutana Maisara baada ya sala ya alfajiri. Tunatoka hapo, tunapita Migombani, tunaingia Mazizini, na wenye pumzi zao wanafika Kiembesamaki kabla hawajageuza. Mimi si katika wenye pumzi, lakini nafika Mazizini na kurudi kwa miguu yangu, na hilo kwangu ni jambo kubwa. Mwaka huu baada ya bonanza la Januari mosi, lile la vikundi vyote kwenda kumalizia Amaan, ndio nikapandwa na mori. Nikasema sasa basi na raba zilizolika soli mpaka zinateleza kama kuna umande. Nataka mpya, za kwenye boksi, si za mnadani.

Na nisiwe mwizi wa fadhila: kuingia dukani kulikuwa raha tupu. Kuna msichana pale anayehudumia, kijana mdogo, anajua kazi yake kuliko mwajiri wake. Nilikwenda asubuhi, akaniambia, "Mama, rudi jioni, mguu ukishatembea kutwa unavimba, ukipima sasa hivi zitakubana." Nikarudi jioni. Akataka nivae soksi ninazokimbilia, si zile nyembamba za dukani. Akanisimamisha wima, akabonyeza mbele ya kidole kirefu, akahakikisha imebaki nafasi ya upana wa dole gumba. Akaniambia nitembee mpaka mlangoni nirudi, nisikilize kisigino kama kinapanda na kushuka. Nilifurahi, wallahi. Nimenunua viatu umri wangu wote na hakuna aliyewahi kunipima hivyo.

Basi hapo akatoka mwenye duka mwenyewe nyuma ya kaunta. Akazishika raba, za buluu, nyepesi, nzuri machoni, akasema, na neno hili nalinukuu kama lilivyo: "Bi mkubwa, hizi ndizo za mbio. Marathoni unamaliza." Alianza 110,000. Tukavutana, tukafika 95,000 na jozi moja ya soksi juu. Nikaomba risiti ya ZRA, ya mamlaka ya mapato, akasema mashine haipati mtandao. Akaniandikia karatasi ya mkono yenye muhuri chini: MALI IKISHAUZWA HAIREJESHWI.

Hazikumaliza mwezi. Wala sikuzitesa, mwanzo nilikuwa nazunguka nazo uwanjani Maisara kwenye majani ili mguu uzizoee. Siku niliyozitoa barabarani, wakati wa kurudi, pale Mazizini, nikasikia pwa, pwa, pwa nyuma yangu. Nikadhani kuna mtu ananifuata. Nikaongeza mwendo, na yeye akaongeza. Kumbe ni soli ya mguu wa kulia, imebanduka kisiginoni inapiga lami. Nikasimama kuitazama, ikanibakia mkononi. Ilikuwa haikubanduka kwenye gundi, ilikuwa imevunjika katikati, na lile povu jeupe la ndani limetapakaa njia nzima niliyopita. Sikufika mbali, na ya kushoto ikamfuata mwenziwe. Nikapanda daladala ya 505 pekupeku, raba mkononi, konda ananitazama kwa huruma: "Mama, umeibiwa?" Nikamwambia ndiyo, lakini si leo.

Siku ile ile baada ya adhuhuri nilikuwa dukani. Nilizitia kwenye kikapu, na mabaki ya soli niliyoyaokota nimeyafunga kwenye leso, ushahidi. Mwenye duka alikuwa kwenye simu. Akaniona, akageukia ukutani akaendelea na mazungumzo yake. Nilisimama pale mpaka feni ikanikausha jasho lote.

Alipomaliza hakusema hata karibu. Alichungulia kikapuni tu. "Ulikwenda nazo pwani?"

Sikwenda.

"Hii kazi ya maji ya chumvi."

Nikamwambia ziko kavu, zishike. Hakuzishika.

"Basi umezifua kwa sabuni ya unga."

Sijazifua, hazijawahi hata kuchafuka. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini, taratibu, mbele za watu, akasema, "Basi labda uzito."

Khaa! Mimi mwanamke mtu mzima, nimesimama na buibui langu, nina watoto wanaolingana na yeye, naambiwa uzito! Kulikuwa na vijana wawili wanachagua jezi, wakacheka. Na ndipo alipoona ana hadhira akaongeza. Akasema raba hizi ni za kutokea, za kuvaa na jinzi, viatu vya mbio hununuliwa na watu wa mbio. Nikamuuliza nani aliyeniambia marathoni namaliza? "Bibi, yale maneno ya biashara. Kwa umri wako kutembea kunatosha. Unakimbilia nini?"

Nimesomesha skuli miaka mingi, na mtoto ambaye hakufanya kazi ya nyumbani namjua kabla hajafungua mdomo. Ana sababu nne na hakuna hata moja inayoshikana na mwenziwe. Bahari, sabuni, uzito, umri. Kama kweli ni bahari, si uzito. Kama ni viatu vya kutokea, kwa nini uniulize habari za pwani? Nilimwambia hayo yote, kwa sauti ambayo naamini ilifika mpaka barabarani. Akanionesha muhuri kwenye karatasi.

Jibu nililipata kwa fundi wa viatu wa mtaani kwetu, Jang'ombe. Huyu hana kioo wala feni, ana benchi na msumari. Alilitia dole gumba povu la ile raba ya kushoto, upande ambao kwa macho ulikuwa bado mzima, likamong'onyoka kama mkate wa mofa uliolala. Akasema, "Hii PU hii. Imekufa kabla hujainunua."

Nikataka anieleze, akanieleza, na baadaye nikasoma zaidi nikakuta maneno yake ni sahihi. Soli za poliurethini, ndiyo hiyo PU, zina adui mmoja, unyevu. Unyevu wa hewani unaingia ndani ya povu na kulikatakata kidogo kidogo, na joto linaharakisha kazi hiyo. Haijalishi umevaa au hujavaa. Raba inaweza kukaa kwenye boksi, haijagusa ardhi hata mara moja, na baada ya miaka kadhaa ndani ni vumbi linalosubiri mtu akanyage. Tena iliyofungiwa boksini bila hewa inaweza kuwa mbaya zaidi. Sasa fikiria kisiwa chetu hichi, joto la kaskazi, halafu masika, viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini, bawaba za milango zinashika kutu. Raba ya PU ikilala ghalani hapa miaka mingi, inatoka vipi salama? Lile povu jengine wanaloliita EVA halimong'onyoki namna hii, lenyewe linachoka na kusinyaa tu. Kwa hiyo habari ya gundi, fundi akasema, tuiache. Gundi itakamata nini?

Kwa mtu anayenunua, alinifundisha hivi: bonyeza soli kwa kidole pembeni, kuanzia kisigino mpaka vidoleni, kwa nguvu. Ikunje uitazame kwenye mkunjo kama kuna nyufa nyembamba kama unywele. Ikiwa inanata au inaacha unga kidoleni, irudishe. Na tazama kijitambaa kilichoshonwa ndani, kwenye ulimi, maana kampuni nyingi huandika hapo tarehe ya kutengenezwa. Nikakimbilia kutazama cha kwangu. Kimekatwa. Kwa mkasi, miguu yote miwili, kimebaki kipande cha uzi.

Hapo nilikaa kimya kidogo.

Sitaki kumsingizia mtu. Pengine vilikuja vimekatwa hivyo hivyo kutoka kwa jumla, pengine yeye mwenyewe kauziwa mbuzi kwenye gunia huko Dar. Nikitulia, naweza hata kumtetea: mzigo unavuka bahari, una ushuru, kodi ya fremu mjini si mchezo, na raba mpya za mbio za kampuni zenye majina haziuzwi 95,000, kila mtu anajua. Mtu anatafuta riziki. Nikitulia zaidi nasema angenirudishia nusu tu, au angesema "samahani mama, sikujua", nisingeandika hata mstari mmoja. Lakini uzito! Nikilikumbuka neno hilo utetezi wote unaniishia, na narudi pale pale, lipite duka hili.

Na si mimi peke yangu. Kaka yangu ni mtu wa baskeli, ana Phoenix yake ya zamani anayoipenda kuliko wanawe, na hapo hapo alinunua tairi. Alisema anataka ya ishirini na nane, akapewa imeandikwa 28. Fundi baskeli akahangaika nayo kwa spana na mipini ya vijiko, tairi haiingii kwenye ringi. Kumbe ishirini na nane ziko zaidi ya moja. Ya baskeli zetu hizi kubwa za zamani, 28 kwa 1½, ringi yake ni milimita 635. Ya baskeli za mbio za siku hizi nayo huandikwa 28, lakini ni 622. Milimita 13 zinatosha kumtoa fundi jasho mpaka magharibi. Namba hizo zimepigwa ubavuni mwa tairi, anayeuza hakosi kuziona. Kaka alirudi kubadilisha, akaambiwa ringi yake imepinda. Mnaona mtindo? Chake hakina kasoro kamwe, kasoro ni bahari, ni ringi, ni wewe.

Jirani ananihimiza niende Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, kazi yao ni hiyo, kumlinda mnunuzi. Bado nafikiria. Nina karatasi ya mkono na leso ya makombo. Nikienda nitawaambia.

Kwa sasa nakimbilia mitumba ya Darajani, 30,000. Nilibonyeza soli zote mpaka muuzaji akauliza kama nanunua viatu au nanunua embe. Nzima, imara, kijitambaa kipo na tarehe ipo. Nilitaka niwaambie kwa hiyo nyote nendeni mitumbani, mambo yamekwisha. Ila aliyezivaa kabla yangu, popote alipo, alikuwa anakanyaga kwa ubavu wa nje, na kisigino kimelika upande mmoja. Goti langu limeshaanza kulalamika nikishuka ngazi. Kwa hiyo hapana, mitumba siisifii hivyo, labda ubahatike kupata isiyolika. Zinakwenda, basi. Nitazivaa mpaka nipate mtu anayetoka Dar nimuagizie, na nitamwambia kabla hajalipa anipigie picha ya ulimi.

Yule msichana sina neno naye. Siku ya ugomvi alinifuata mpaka nje, akanishika mkono, akaniambia jambo kuhusu mzigo ule wa raba za buluu. Siliandiki hapa, ana kibarua chake. Ningekuwa na uwezo ningemfungulia duka.

Na jambo moja nalisema kwa shingo upande, maana linaniudhi. Zile soksi alizonipa mwenye duka juu. Ni nzuri. Hazinichubui, haziteremki kisiginoni, nimezifua na kuzifua na hazijalegea. Nimezitafuta Mlandege nzima, sijazipata kwengine. Jumamosi nimemtuma mwanangu akaninunulie jozi mbili, nimempa pesa kamili, na nimemwambia akiulizwa katumwa na nani, aseme za kwake.