Nimenunua gugu la kongwa kwa pesa: mwaka na nusu na majani ya fedha chini ya mwembe

Nina mwembe uani, hapa Bububu, Unguja. Asiyekuwa nao anauonea wivu msimu wa maembe. Mie ninayeishi nao naujua na ubaya wake: chini hapaoti kitu. Kivuli kizito, mizizi imeshanyonya maji yote, na masika ikiingia matone ya majanini yanachimba udongo na kurusha tope mpaka nusu ya ukuta wa chokaa. Kila mvua zikimalizika napaka upya.

Mwanzo nilikwenda mbali bure. Niliona picha za Lamium, mmea wa kutambaa wa Ulaya, jani zima la fedha na ukingo tu ndio kijani. Wifi yangu aliyeko Uingereza akaniletea mbegu. Wakati wa kusi ziliota vizuri, kama kumi na moja hivi, nikaanza kujisifu. Kaskazi ilipopiga, na yale majoto ya usiku yasiyo na upepo, zikaoza shinani moja baada ya moja. Ni jamaa wa mnanaa na rihani ule, lakini rihani yetu imezaliwa juani, mwenzake amezoea kulala kwenye baridi.

Basi nikaenda kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara, nikaeleza shida yangu. Muuzaji akanionyesha vifuko vyeusi vimejaa majani ya mistari. "Huu zebra, dada. Hauna matata." Kila mche shilingi 2,000, nikavutana naye mpaka 1,500, nikachukua ishirini.

Mama alikuja siku ya pili akitokea shamba. Akainama, akavunja kijiti, akakigeuza.

"Mwanangu, hii si kongwa hii?"

"Si kongwa, mama. Nimeinunua."

"Umeinunua!" Akakaa kwenye kibao, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga.

Nilipotafuta nikakuta mama hakukosea sana. Jina la kitaalamu ni Tradescantia zebrina, asili yake Mexiko na nchi za jirani zake, na ukoo wake ni mmoja na kongwa tunayoing'oa kwenye muhogo. Fundo zile zile za shina, jani lile lile linalolikumbatia shina. Kongwa yetu hutoa ua la buluu, huu hutoa kiua kidogo cha waridi chenye petali tatu, na hata hicho unakiona ukikitafuta. Uzuri wake uko kwenye jani. Lina urefu wa kidole, mistari miwili mipana ya fedha juu ya kijani, na ukiligeuza chini ni zambarau ya bilingani. Asubuhi jua likipenya kwenye matawi, uwanja wote unameta kama dagaa walioanikwa jamvini.

Sikulima. Chini ya mwembe ukilima unakata mizizi tu. Nilimwaga kichanga kilichochanganywa na samadi kuukuu ya ng'ombe, unene wa vidole vinne, nikaacha nafasi kulizunguka shina la mti lisije likaoza. Nikapanda mwisho wa Machi, hatua moja baina ya mche na mche. Masika ikafanya kazi iliyobaki. Ilipofika mchoo, zile mvua chache za baada ya masika, hapakuwa na udongo unaoonekana, na tope ukutani halikupanda zaidi ya shubiri moja. Chokaa sijapaka tena.

Kuhusu kivuli, muuzaji alisema "popote" na hapo alinidanganya. Iliyo pembezoni, inayopata jua la kuchujwa na majani, ndiyo yenye fedha khasa. Iliyo nyuma ya tangi la maji, kwenye giza, imerefuka miguu, majani yako mbalimbali na mistari imefifia. Na ile iliyotoka nje ikakutana na jua la saa saba imepauka kama nguo iliyosahauliwa kambani. Kwa hiyo kivuli ndiyo, giza hapana.

Nyota nne nampa mmea. Muuzaji mbili, kwa sababu aliniacha nilipe elfu thelathini kwa kitu ambacho miche miwili ingetosha. Kila fundo likigusa udongo linatoa mizizi. Ningekata vijiti, nivichomeke, ningejaza ua kwa shilingi 3,000 na subira ya miezi michache.

Tena hakuniambia habari ya utomvu. Mara ya kwanza kupunguza nilikata mikono mitupu asubuhi nzima, jioni mikono inawasha mpaka kwenye viwiko, vipele vyekundu. Nilikosha kwa sabuni, nikapaka mafuta ya nazi, siku mbili zikapita ndiyo nikapoa. Siku hizi navaa glavu, na mtoto wa dada simruhusu kuchezea. Wenye paka wajue pia kuwa akiutafuna au kulala juu yake, ngozi yake inaweza kuwasha vilevile.

Kazi nyingine ni majani ya mwembe. Ufagio wa chelewa hauwezi kupita juu yake, unang'oa. Lazima uokote kwa mkono, na msimu wa maembe unaokota na yaliyooza, na nzi wake.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba mmea huu haujui mpaka. Afrika Kusini wameuweka kwenye orodha ya mimea vamizi inayotakiwa kudhibitiwa. Hapa kwetu msitu wa Masingini hauko mbali, na ndiko vyanzo vya maji ya mji vinakolindwa. Mvua ikichukua vijiti vyangu kwenye mtaro sijui vitaishia wapi, kwa hiyo nimejenga kingo ya matofali, na nikipunguza situpi jaani. Naweka kwenye ndoo yenye mfuniko, naiacha juani ipikike ndipo nichome.

Juzi nilifunua ndoo iliyokaa wiki tatu. Juu majani yalikuwa makavu kabisa, yanavunjika. Chini, kwenye unyevu, vijiti viwili vilikuwa vimetoa majani mapya.