Duka la mchezo: sarafu halisi au za kadibodi?

Mtoto wa Nairobi anayeona kila kitu kikilipwa kwa M-Pesa anahitaji kushika pesa kwa mkono. Lakini ashike ipi?

Mimi naegemea sarafu halisi, kuanzia miaka minne hivi. Zile zilizotolewa Desemba 2018 zina wanyama: twiga kwa shilingi 1, kifaru 5, simba 10, ndovu 20. Panga nyanya, kitunguu na pakiti tupu ya maziwa mezani, umwache mtoto awe mama mboga. Vifaru wawili ni simba mmoja. Simba wawili ni ndovu mmoja. Akikurudishia chenji, ameshafanya hesabu ya kutoa bila kujua. Pia anahisi uzito, anasikia mlio, na kesho dukani anaitambua sarafu ileile.

Za kadibodi ni salama zaidi kwa mdogo ambaye bado hutia vitu mdomoni, maana hata sarafu ndogo inaweza kumkaba. Basi mkatie vipande vikubwa kama kifuniko cha mkebe. Hasara yake: zote huwa nyepesi sawa, na mtoto hujifunza tarakimu tu. Halisi zikitumika, zihesabu kabla na baada ya mchezo, kisha zioshe.