Kliniki ya miguu ya wenye kisukari, Kirumba, Mwanza: kipimo kizuri, mapokezi ya kubahatisha

Nilimpeleka shangazi yangu katika kliniki hii ndogo ya binafsi baada ya mwiba wa pezi la sato kukaa katika wayo wake siku mbili pasipo yeye kuuhisi. Anauza samaki katika soko la Mwaloni, ana kisukari mwaka wa 9 sasa, na ganzi ya vidole vya miguu alikuwa akiisingizia ndala mpya.

Kipimo cha miguu peke yake kilitosha kuhalalisha shilingi 15,000 tulizolipa. Muuguzi alimwambia, "Mama, fumba macho, kila ukiguswa useme ndiyo," kisha akamgusa kwa uzi wa nailoni ambao hupinda mgandamizo unapofikia gramu 10. Chini ya kidole gumba shangazi alinyamaza mara tatu mfululizo, ilhali mimi niliuona uzi umepinda kama ndoana. Maelezo yaliyofuata yalieleweka hata kwake: neva, yaani mishipa ya fahamu, hupokea glukosi bila kungoja insulini, hivyo sukari ikizidi katika damu huzidi humo pia, na sehemu yake hugeuka sorbitoli, kemikali jamii ya sukari inayovuruga utendaji wa neva; wakati huohuo kuta za vijishipa vinavyoilisha neva hunenepa, oksijeni inayoifikia ikapungua, na zinazotangulia kuumia ni neva ndefu kuliko zote, yaani zile zinazoshuka hadi vidole vya miguu.

Mapokezi ni habari nyingine. Shangazi alikuwa ametoka kula embe, na kijana aliyetupokea akamtoboa kidole bila kumnawisha. Kifaa cha sukari kikasoma milimoli 17.8 kwa lita. Nilisisitiza anawe kwa sabuni na kujikausha, akapimwa upya, ikawa 11.2, ambayo bado ni kubwa lakini angalau ni ya damu yake, si ya embe. Kisha akabanwa kidole kwa kifaa cha oksijeni, kikaonyesha asilimia 96, na kijana akatutuliza kwamba neva zinapata hewa ya kutosha. Hapo nilikereka. Kifaa hicho hutumia mwanga kukadiria ni kiasi gani cha himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, katika ateri za kidole cha mkono kimejaa oksijeni. Hakiwezi kujua kama damu hiyo inapenya vijishipa vilivyosinyaa na kuifikia neva ya unyayoni.

Jambo jingine lililosahaulika ni dawa. Shangazi anameza metfomini, dawa ya kushusha sukari, tangu alipogundulika, na matumizi ya miaka mingi huweza kushusha vitamini B12, upungufu ambao nao huleta ganzi ya miguu. Hakuna aliyeuliza, lakini nilipolitaja, muuguzi alikubali mara moja na kutuandikia kipimo cha maabara ya mjini, kwa kuwa wao hawana. Tumepangiwa kurudi baada ya miezi mitatu kwa uzi uleule, na ndala zimebaki nyumbani: shangazi sasa anakwenda Mwaloni na viatu vya kufunika vidole, ambavyo huvikung'uta kwanza kila asubuhi kabla ya kuvivaa.