Niliuziwa meli iliyo safarini, kumbe imepwelewa

Ukuta wa sebule yetu hapa Changamwe ulikuwa mtupu tangu tupake rangi. Mzee wangu amefanya kazi miaka mingi kwenye gati ya mafuta ya Shimanzi, akifunga na kufungua mipira ya kupakulia, nikaona zawadi ya kumfaa ni picha za meli za mafuta za zamani kabisa. Duka moja la mtandaoni linauza seti ya picha tatu, karatasi isiyong'aa, ukubwa wa A2, shilingi 7,500 bila fremu. Nililipa Jumatatu kwa M-Pesa, Alhamisi zikafika na basi la usiku, zimeviringishwa ndani ya bomba gumu la kadibodi. Kwa hilo sina neno, hata kona moja haikukunjika.

Iliyonivutia kwanza ni Thomas W. Lawson. Hii ni skuna, yaani meli ya matanga, ya chuma, iliyoundwa Marekani mwaka 1902, milingoti saba, haina injini ya kuisukuma. Ilianza kwa kubeba makaa ya mawe, baadaye ikageuzwa kuwa ya mafuta, na Desemba 1907 ikavunjikia visiwa vya Scilly, Uingereza. Picha imechapwa vizuri mno: kamba za milingoti unaweza kuzihesabu. Wageni wakiingia huanza kuhesabu milingoti hata hawajaketi, na kila mtu hupata idadi yake.

Murex ni ya wastani. Wameitia rangi kama ya chai ili ionekane kuukuu, jambo ambalo mimi silipendi. Picha ya zamani haihitaji kuzeeshwa. Lakini meli yenyewe ina habari. Mwaka 1892 ndiyo iliyokuwa meli ya kwanza ya matangi kupita mfereji wa Suez, imebeba mafuta ya taa kuelekea mashariki. Kabla yake mafuta hayo yalisafirishwa yakiwa ndani ya madebe, mawili mawili katika sanduku la mbao. Mama aliposikia hivyo akacheka, maana debe la mafuta ya taa ndilo alilopimia mahindi ujana wake wote.

Sasa ya tatu, iliyoniudhi.

Ni Glückauf, iliyoundwa Newcastle mwaka 1886 kwa ajili ya mfanyabiashara Mjerumani, Wilhelm Riedemann. Jina lake ni salamu ya wachimba migodi wa Kijerumani. Mafuta hayakupangwa humo kwa mapipa, yalimiminwa moja kwa moja tumboni mwa meli, ubavu wa meli ukawa ndio ukuta wa tangi. Injini na dohani viko tezi, yaani nyuma, mbali na mzigo, kama ilivyo kwa meli zinazofunga gati ya mafuta ya Kipevu leo. Chini ya picha duka limeandika: "Glückauf ikiwa safarini, 1886".

Mzee aliitazama kimya huku akinywa kahawa yake, kisha akaniita. "Mwanangu, meli hii haiendi popote. Tazama omoni, pale mbele, hakuna povu. Dohani haitoi moshi. Na tumbo lote hilo liko nje lafanya nini?"

Nikatafuta picha asili mtandaoni. Kumbe ni ya mwaka 1893, meli imekwama ufuoni Fire Island, karibu na New York, baada ya kupotea kwenye ukungu. Duka lilikuwa limekata kipande chote cha chini chenye mchanga, ikabaki meli na bahari. Nilipomwandikia muuzaji alijibu kwamba wateja hupenda meli iliyo majini. Alinirudishia shilingi 1,000, na kusema kweli hakubishana, ila maelezo ya picha hajayabadilisha hadi leo naandika.

Kwa umri wa picha ile, haki za mpigaji zimekwisha muda, kwa hiyo nikapakua nakala kamili nikaipeleka kwa mchapaji wa mjini. A2 inataka walau pikseli 3,500 upande mrefu, la sivyo nukta zinaanza kuonekana. Faili langu halikufika huko, nikachapa A3. Gharama ilikuwa shilingi 450. Nimeiona ni bora kuliko ile ya duka, kwa sababu mchanga ndio unaokuonyesha ukubwa wa lile dude.

Ukikaa pwani, usibandike picha ikagusana na kioo. Unyevu wetu huigandisha, na siku ukitaka kuitoa inachanika. Mwambie fundi wa fremu aweke kadibodi nyeupe kuzunguka picha ili pabaki nafasi, na nyuma aifunge vizuri wadudu wasipite. Mimi fremu tatu zilinigharimu kuliko picha zenyewe. Pia usiitundike mkabala na dirisha. Yangu ya Lawson, ikifika saa kumi jioni huoni kitu ila mwanga.

Seti hii naipa nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za Lawson. Mzee ameshaomba ya nne, safari hii ya meli yoyote iliyowahi kufunga Shimanzi, na amesema ataikagua kabla sijalipa. Ile Glückauf ya duka mama ameigeuza, nyuma yake anaandika hesabu za chama.