Steshenari inayohakiki notisi kabla ya kuzigawa, Mtwara mjini

Kwa mihula miwili sasa nimekuwa nikichukua zana za kufundishia Kemia na Jiografia katika steshenari moja ndogo ya hapa Mtwara mjini, ambako walimu huleta notisi, maandalio ya masomo na majaribio yao, na wenzao wakaja na flashi kunakili kwa shilingi 2,000, bila kujali wingi wa mafaili. Huduma ya namna hii si ngeni. Kilichonivuta ni kwamba hapa faili haliingii kwenye kompyuta ya wateja kabla ya kusomwa na walimu wawili wa somo husika, na ukurasa wa kwanza hutaja aliyeliandaa, waliolihakiki, mwezi wa uhakiki na mtaala unaofuatwa, yaani ule wa zamani au ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024.

Anayedhani huo ni urasimu hajawahi kufundisha kwa notisi za kuokoteza. Mwaka jana nilitumiwa kwa simu notisi za Kemia zilizokuwa zimenakiliwa mara nyingi hadi vipeo, yaani tarakimu ndogo za juu, vikashuka mstarini, na namba ya Avogadro, ambayo ni 6.02 × 10²³, ikasomeka 6.02 × 1023. Mwanafunzi akikokotoa kwa namba hiyo hafikii jibu, na atajilaumu yeye. Notisi za Jiografia nazo ziliiweka Songo Songo mkoani Mtwara, ilhali ipo Kilwa, mkoani Lindi, na gesi yake iligunduliwa mwaka 1974, miaka minane kabla ya ile ya Mnazi Bay, ambayo ndiyo ya kwetu. Nilipoyapeleka mafaili hayo steshenari, vipeo na Songo Songo vilisahihishwa ndani ya wiki moja, na jina langu likaandikwa miongoni mwa wahakiki.

Suala la haki za waandishi pia wamelizingatia kuliko nilivyotarajia. Kila anayeleta kazi hujaza fomu ya kuruhusu au kukataa kazi yake ibadilishwe, utaratibu unaofanana na leseni za Creative Commons, ambazo mwandishi huzitumia kuruhusu wengine watumie kazi yake kwa masharti, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, na vitabu vya kiada hawavinakili kabisa; mteja huelekezwa kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Naupongeza msimamo huo, kwani ni rahisi kuuza kitabu cha mtu mwingine kwa jina la kusaidia wanafunzi.

Video zao ni chache na sauti yake hafifu, sizitumii.

Kasoro inayonisumbua hasa ni kwamba masahihisho hayamfuati aliyekwisha kunakili. Mwalimu wa Newala au Nachingwea aliyechukua faili la Machi ataendelea kufundisha kosa lililoondolewa Aprili, kwa kuwa hana njia ya kujua kwamba limeondolewa, wala yeye huenda asifike tena mjini hadi muhula ufungwe. Nimewashauri waweke daftari la simu za wateja na kuwatumia ujumbe mfupi kila faili linaposahihishwa, nao wamekubali kuanza na masomo ya sayansi. Kwa sasa, mteja anayerudi dukani aombe kuonyeshwa orodha ya marekebisho iliyobandikwa kando ya kaunta, ailinganishe na tarehe za mafaili yaliyomo kwenye flashi yake, kisha anakili upya yaliyopitwa, kwani kwa hayo halipishwi.